Mwisho wa Tanzia Unapobadilishwa Jukwaani, Nani Anabaki na Deni?

Tamthilia ya tanzia inapofanyiwa mazoezi hapa Tabora, iwe katika kikundi cha vijana cha mtaani au katika shule ya sekondari, mara nyingi mazoezi hufika mahali yakasimama kwa sababu ya ubishi mmoja: je, ni lazima tumalize kama mtunzi alivyomaliza? Upande mmoja hushikilia kwamba mwisho ndio uti wa kazi, na anayeugusa ameivunja kazi yenyewe. Upande wa pili huuliza kwa nini msichana yuleyule aendelee kufa katika kila onyesho, kwa zaidi ya miaka 400, ilhali waliomfikisha kaburini ndio wanaoachiwa maneno ya kufungia pazia. Pande zote mbili zinastahili kusikilizwa, lakini ubishi wao hauishi, kwanza kwa sababu wanaposema "kubadili mwisho" wanazungumzia mambo yanayotofautiana sana, na pili kwa sababu wote huanza na dhana ambayo historia ya jukwaa haiiungi mkono, yaani kwamba palikuwa na mwisho mmoja wa asili, uliokamilika tangu siku ya kwanza, ambao kazi yetu ni ama kuulinda au kuubomoa.

Tuanze na Mfalme Lear, kwa kuwa hakuna tanzia inayoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Kisa cha mfalme mzee anayewagawia ufalme binti wawili wenye ndimi tamu, na kumfukuza wa tatu aliyekataa kumsifu kwa uongo, kilikuwa kikongwe kabla William Shakespeare hajakishika. Geoffrey wa Monmouth, aliyekiandika kwa Kilatini katika miaka ya 1130, alimrudisha mfalme kwenye kiti chake kwa msaada wa binti huyo wa tatu, na mzee alipofariki binti akamrithi. Tamthilia nyingine ya Kiingereza kuhusu mfalme huyohuyo, iliyochapishwa mwaka 1605 bila jina la mtunzi, nayo ilimaliza kwa ushindi na upatanisho. Kwa hiyo walioitazama kazi ya Shakespeare mwaka 1606 walikuwa na kila sababu ya kutarajia kwamba mzee atapona na binti atapona, na badala yake walimwona Lear akiingia na maiti ya Cordelia, binti huyo wa tatu, mikononi mwake. Mwisho ambao leo tunautetea kuwa ndio wa asili ulikuwa, mbele ya watazamaji wake wa kwanza, mwisho uliobadilishwa.

Jambo hilo linaenda mbali zaidi. Matini mbili za zamani za tamthilia hiyo, moja ya mwaka 1608 na nyingine ya mwaka 1623, hazikubaliani kuhusu namna ya kumaliza. Katika matini ya 1623 Lear anakufa akiwaita waliomzunguka watazame midomo ya Cordelia, kana kwamba ameona pumzi ikirudi, na maneno hayo hayamo katika matini ya 1608. Hotuba ya kufungia nayo imewekwa katika kinywa cha Albany, mkwe wa Lear, katika matini ya kwanza na katika kinywa cha Edgar, kijana wa mkuu mmoja mtiifu kwa mfalme, katika ile ya pili. Hii si tofauti ndogo. Anayesema mwisho ndiye anayebeba nchi baada ya maafa, na mwongozaji anayedai kwamba yeye anafuata maandishi tu bado analazimika kuamua ni maandishi yapi.

Mwaka 1681 mwandishi Nahum Tate aliigeuza kazi hiyo tena. Alimwacha Lear hai, akamrudishia taji, akamwoza Cordelia kwa Edgar, na akamfuta kabisa mchekeshaji wa mfalme, ambaye katika Shakespeare ndiye anayemwambia mzee ukweli mchungu. Majukwaa ya Uingereza yalishikamana na mwisho huo kwa muda wa karne moja na nusu, hadi mwigizaji William Charles Macready alipoirudisha kazi ya Shakespeare jukwaani mwaka 1838. Tusidhani kwamba watazamaji wa karne hiyo na nusu walikuwa watu wasio na akili. Samuel Johnson, mmoja wa wasomi wakubwa wa Uingereza wa karne ya 18, alikiri kwamba kifo cha Cordelia kilimshtua kiasi kwamba hakuvumilia kuzisoma tena sehemu za mwisho hadi alipolazimika kuzihariri kwa ajili ya uchapaji. Tate aliwapa watu wa aina yake kile walichokihitaji, yaani hakikisho kwamba wema hulipwa.

Sasa linganisha na alichofanya Edward Bond mwaka 1971, katika tamthilia yake iliyoonyeshwa London. Humo Cordelia pia anabaki hai, lakini si binti wa mfalme tena. Ni mwanamke wa kawaida aliyeumizwa na vita, akaongoza uasi, akashinda, akashika dola, kisha akaendelea kujenga ukuta uleule ambao Lear aliujenga kwa jasho na damu ya watu. Lear mwenyewe anapigwa risasi akiwa na sepetu mkononi, akijaribu kuubomoa. Waandishi wawili, wote wamemwacha Cordelia hai, na maana zimekwenda njia mbili zisizokutana. Mmoja amemwacha hai ili mtazamaji apumue, mwingine amemwacha hai ili mtazamaji asipate mahali pa kupumulia.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha suala zima. Swali la kuuelekezea mwisho wowote wa tanzia, uwe wa zamani au uliobuniwa upya, si nani amekufa na nani amepona, bali ni nani anabaki na deni. Tanzia ni hesabu ya makosa, kiburi, woga na ukimya, na pazia linapofungwa ni lazima mtu awe anadaiwa: mtawala, ukoo, miungu, mji, au sisi tuliokaa kwenye viti. Mwisho mpya unaoliweka deni hilo mahali panapostahili zaidi ni mwisho unaofaa, hata ukimwokoa mtu au ukimuua mwingine. Mwisho unaolifuta ili tuende nyumbani tukiwa wepesi umeikosea tanzia, hata kama hakuna neno la mtunzi lililoguswa. Tate alilifuta deni. Bond alilihamisha kutoka kwa mfalme mmoja mbaya na kuliweka juu ya mamlaka yenyewe, yeyote anayeyashika.

Wapo watakaosema kwamba Wagiriki, walioanzisha aina hii ya tamthilia, walikuwa na kanuni iliyo wazi, kwamba shujaa lazima aanguke na kufa. Sivyo walivyofanya. Aristotle, aliyeandika kuhusu tanzia katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliwalaumu watunzi waliowapa wema thawabu na waovu adhabu kwa kufuata tu matakwa ya watazamaji, akasema raha ya namna hiyo inafaa zaidi katika futuhi. Lakini mtu huyohuyo alisifu tanzia ambamo mtu anakaribia kumuua ndugu yake asiyemjua, akamtambua kabla mkono haujashuka. Alichosisitiza zaidi ni kwamba fundo lifunguke kutokana na matukio yenyewe, si kwa msaada wa mungu anayeshushwa kwa mtambo, na mfano alioutoa wa kosa hilo ni Medea wa mtunzi wa Kigiriki Euripides, anayeondoka juu ya paa kwa gari la babu yake, Jua, baada ya kuwaua wanawe. Kuhusu tamthilia nyingine ya Euripides, ile ya Ifijenia anayetolewa kafara na baba yake ili meli za vita zipate upepo, wataalamu wengi wanaamini kwamba sehemu ya mwisho, ambamo msichana anatoweka na paa anakutwa madhabahuni badala yake, iliongezwa au ilisukwa upya na mikono mingine baada ya mtunzi kufariki. Kumbe hata Wagiriki walimwokoa msichana, na sisi tumeurithi mwisho huo tukiuita wa kale.

Tofauti kati ya kubadili tukio na kubadili sababu ya tukio ndiyo inayowashinda wengi. Mtu akimwamsha Juliet wa Shakespeare, aliyelazwa kaburini kwa dawa ya usingizi, dakika moja kabla mpenzi wake Romeo hajanywa sumu, amebadili tukio, lakini kila kitu kilichowafikisha kaburini kimebaki palepale: koo mbili zenye uadui, baba anayetishia kumtupa mtoto wake mtaani, padri anayetegemea barua moja. Mwigizaji wa Uingereza David Garrick mwaka 1748 alimwamsha Juliet Romeo akiwa bado hai lakini sumu imeshaingia, wakaongea kwa uchungu mkubwa kabla ya kifo, na mwisho huo ulipendwa kwa muda mrefu kwa sababu uliongeza machozi bila kuongeza swali. Katika miaka ya 1660 kulikuwa na toleo la James Howard lililowaacha wapenzi hai, na John Downes, aliyefanya kazi katika majumba ya maonyesho ya London enzi hizo, ameandika kwamba lilikuwa likipokezana na lile la asili, siku moja vifo na siku ya pili uhai. Hata Sergei Prokofiev alipotunga muziki wa dansi ya Romeo na Juliet mwaka 1935 aliwaacha hai mwanzoni, kisha akakubali kurejesha vifo.

Mwishoni mwa tamthilia hiyo kuna kipande ambacho waongozaji wengi wa leo hukikata, nami nadhani wanakosea. Watoto wakiwa wamelala wafu, baba zao wanapeana mikono, na mmoja anaahidi kumjengea Juliet sanamu ya dhahabu, naye mwenzake anajibu papo hapo kwamba atamjengea Romeo sanamu ya thamani ileile. Waongozaji hukikata kwa madai kwamba upatanisho huo ni mwepesi mno kwa hadhira ya sasa. Kisomwe polepole, na itaonekana kwamba wazee hao, mbele ya maiti za watoto wao, bado wanashindana, safari hii kwa dhahabu. Mwigizaji akiyasema maneno hayo kwa sauti ya mtu anayepandisha dau, mwisho umebadilika kabisa bila herufi moja kuondolewa, na deni limewarudia wazazi, ambako lilitakiwa kuwa tangu mwanzo. Kuhusu maonyesho ya muziki yaliyofika London mwaka 2019, ambamo Juliet anaamka, hajiui, na anaanza maisha mapya, sina ugomvi nayo, kwa kuwa yanajitambulisha wazi kama futuhi na hayadai kuwa ni tanzia ile.

Waandishi wa Afrika wamelishughulikia jambo hili kwa ujasiri ambao haujatangazwa vya kutosha katika madarasa yetu. Efua Sutherland wa Ghana alichukua tamthilia ya Euripides iliyoonyeshwa mwaka 438 kabla ya Kristo, inayomhusu Alkesti, mke anayekubali kufa badala ya mume wake. Kwa Mgiriki huyo, Herakle mwenye nguvu anapigana na Kifo makaburini, anamnyang'anya mwanamke, na kumrudisha kwa mumewe akiwa amefunikwa shela. Katika tamthilia ya Sutherland, iliyoandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, mume ni Edufa, tajiri anayeheshimiwa mjini, ambaye ametafuta dawa kwa mganga ili kifo chake kimwangukie yeyote atakayetamka kwamba anampenda kiasi cha kufa kwa ajili yake, na aliyetamka ni mke wake, Ampoma. Rafiki wa Edufa, Senchi, msafiri mchangamfu anayeshika nafasi ya Herakle, anafika na nyimbo zake, lakini hana uwezo wa kupigana na Kifo. Ampoma anakufa, wala harudi.

Kwa kawaida tunapozungumzia kubadili mwisho tunafikiria kuokoa; Sutherland alibadili kwa kukataa kuokoa, na kufanya hivyo kulikuwa kulitaja deni kwa jina la anayedaiwa. Maadamu Herakle yupo, ubinafsi wa mume hauna gharama, kwani anamtoa mke, anapata uhai, kisha anarudishiwa na mke. Akiondolewa mwokozi, tunabaki tukimtazama mtu aliyenunua maisha yake kwa maisha ya mwenzake, na utajiri wake wote hautoshi kuirudisha hesabu nyuma. Nadhani huu ni mwisho mkali kuliko ule wa Kigiriki. Hata hivyo, mwongozaji anayependa kubaki na Euripides anayo nafasi yake pia, kwa sababu Alkesti anaporudi hasemi neno. Herakle anaeleza kwamba haruhusiwi kusikika hadi siku ya tatu. Mwigizaji akisimama pale na shela limefunuliwa, akimtazama mume aliyemwacha afe, huku mume akitangaza sherehe, ukimya wake unaweza kusema kile ambacho Sutherland alikisema kwa kifo.

Wole Soyinka wa Nigeria alikwenda upande mwingine alipoandika toleo lake la tanzia ya Euripides ya Wabakai, lililoonyeshwa London mwaka 1973. Kwa Euripides, mama aliyepagawa na nguvu za Dionizi, mungu wa divai, anamrarua mwanawe, mfalme Penteo, anarejea mjini na kichwa chake akidhani ni cha simba, anapata fahamu, na familia nzima inapelekwa uhamishoni. Soyinka aliongeza korasi ya watumwa, yaani kundi linaloimba na kusema kwa pamoja, na mwishoni kutoka kichwa cha mfalme kunabubujika kile ambacho watu wanadhani ni damu, kumbe ni divai, na jamii nzima inakunywa. Kifo cha mtawala dhalimu kimekuwa kafara inayoirutubisha nchi. Mimi hubaki na wasiwasi kuhusu mwisho huo, kwa kuwa uchungu wa mama unamezwa haraka na furaha ya wengi. Lakini siwezi kusema kwamba umefuta deni, maana umesema waziwazi kwamba watumwa walikuwa wakidai tangu zamani na kwamba siku hiyo wamelipwa.

Mfano ninaouona kuwa bora kuliko yote unatoka Afrika Kusini. Katika tanzia ya Sofokle ya karne ya 5 kabla ya Kristo, Antigoni anamzika kaka yake kinyume cha amri ya mtawala Kreoni, anahukumiwa kufungiwa pangoni akiwa hai, anajinyonga. Kisha mchumba wake, ambaye ni mtoto wa Kreoni, anajiua, na mke wa Kreoni naye anajiua. Kreoni anaingia akiwa amevunjika, anakiri kosa, na korasi inafunga kwa maneno ya hekima. Jean Anouilh, alipoionyesha upya hadithi hiyo Paris mwaka 1944 chini ya ukaliaji wa Wajerumani, alimnyima Kreoni kuvunjika huko: baada ya vifo vyote anaulizia ratiba yake, anaambiwa kuna kikao, anakwenda kikaoni. Mwaka 1973 Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona walikata zaidi. Katika kazi yao kuna wafungwa wawili, John na Winston, wanaofanya mazoezi ya kesi ya Antigoni kwa ajili ya tamasha la gerezani, katika kisiwa ambacho kila mtazamaji wa Cape Town alijua ni Robben Island. John amepunguziwa kifungo na amebakiza miezi mitatu. Winston ana kifungo cha maisha. Siku ya onyesho Winston, akiwa Antigoni, anahukumiwa na Kreoni, anavua mapambo ya kike aliyovalishwa, anasema kwa jina la nchi yake kwamba anakwenda kwenye kifo akiwa hai, na wafungwa wanarudi katika pingu zao.

Tazama walichokiondoa. Hakuna mwana wa Kreoni anayejiua, hakuna mke, hakuna mtawala anayelia na kukiri. Wangeweza kuviacha, kwa maana vimo katika Sofokle, lakini toba ya Kreoni ingekuwa uongo mbele ya hadhira ya mwaka 1973, iliyokuwa ikitawaliwa na watu wasioonyesha dalili yoyote ya kutubu. Pia hawakuongeza ukombozi ambao haukuwepo. Walisimamisha tanzia kwenye hukumu, na tamthilia ilipokwisha deni lilikuwa halijalipwa, likisubiri nje ya ukumbi. Nelson Mandela, aliyeigiza nafasi ya Kreoni wafungwa wa Robben Island walipoicheza tamthilia ya Sofokle, aliuelewa vizuri ugumu wa mtawala huyo ambaye sikio lake haliwezi kufunguka kabla ya maafa. Kwa mwongozaji anayetaka kujifunza namna ya kubadili mwisho bila kuiharibu kazi, sijui mwalimu mwingine aliye bora kuliko watu hawa watatu, kwa sababu badiliko lao linatokana na kukata peke yake, na kila kilichokatwa kina sababu.

Ukiipima kwa kipimo hichohicho, opera ya Carmen iliyoonyeshwa Florence, Italia, mwaka 2018, inaonekana kuwa na nia njema na ufumbuzi dhaifu. Katika kazi ya Georges Bizet ya mwaka 1875, Don José anamchoma kisu Carmen kwa sababu amemkataa. Mwongozaji Leo Muscato alimpa Carmen bastola ya Don José, naye akampiga risasi kabla hajauawa, na sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba haifai hadhira kupiga makofi mbele ya mauaji ya mwanamke wakati wanawake wanaendelea kuuawa na wapenzi wao. Hoja hiyo ina uzito, hapa kwetu kama kule. Lakini risasi ile inamaliza kila kitu kwa haraka mno. Muuaji mtarajiwa amekufa, mwanamke amepona, na wale wote walioona hatari ikikaribia na kumwacha Carmen akabiliane nayo peke yake hawaulizwi tena. Onyesho ambalo lingebakiza kisu, kisha likauacha umati uliokuwa ukishangilia mapigano ya ng'ombe utoke uwanjani na kukutana na maiti bila ruhusa ya kupita, lingewadai watazamaji zaidi.

Wasomaji waliowahi kushiriki sanaa za maonyesho kwa maendeleo watauliza kuhusu njia ya kuwaachia watazamaji wenyewe wabadili mwisho. Augusto Boal wa Brazil alijenga jukwaa ambamo mtazamaji anasimamisha mchezo, anapanda, anachukua nafasi ya anayeonewa, na kujaribu njia nyingine. Nchini Tanzania, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Penina Mlama akiwa mmojawapo, walifanya kazi na wanavijiji katika maeneo kama Malya, mkoani Mwanza, ambako wenyeji walichunguza matatizo yao, wakayaigiza, kisha wakajadili. Njia hiyo ni hazina, na inafaa pale ambapo mwisho bado uko mikononi mwa waliokaa hapo: mimba za wanafunzi, mirathi ya wajane, ugomvi wa mashamba. Tanzia ya kale ina kazi nyingine. Inatuonyesha jambo ambalo limeshapita mahali pa kurekebishika na inatutaka tulitazame, na kumruhusu mtazamaji apande na kumnyang'anya Othello mto kabla hajamziba nao pumzi Desdemona ni kumnyima nafasi ya kujiuliza ni saa ngapi hasa mambo yalikuwa bado yanarekebishika. Nashauri mjadala ufanyike baada ya onyesho, si katikati yake.

Haya yote yana maana ya moja kwa moja kwetu, kwa sababu Tabora ina tanzia yake, na mwisho wake unajulikana. Mtemi Isike wa Unyanyembe alitawala tangu mwaka 1876. Baada ya mashambulizi ya Wajerumani ya mwaka 1892 kushindwa kuiangusha ngome yake, Januari 1893 kikosi kilichoongozwa na Tom von Prince kiliivamia, na Isike, badala ya kujisalimisha, aliingia katika ghala la baruti na kulilipua. Masimulizi mengine huongeza kwamba Wajerumani walimkuta bado na pumzi wakamtundika mtini. Kikundi chochote kitakachotaka kuipeleka habari hii jukwaani kitakuta mvuto mkubwa wa kumaliza kwa mlipuko: kishindo, giza, makofi. Wengine watataka kumpa Isike ushindi wa kubuni, kama Tate alivyompa Lear taji.

Ushindi wa kubuni siukubali, kwa kuwa mtoto wa Tabora anayeupokea atakuwa ameibiwa maelezo ya kwa nini nchi yake ilitawaliwa. Mlipuko peke yake nao haunitoshelezi, kwa sababu unaufanya ushujaa wa mtu mmoja uwe mwisho wa habari, na deni linapotelea moshini pamoja naye. Baada ya Isike, mwanamke wa ukoo wa watemi, Nyaso, alikalia kiti cha utemi chini ya Wajerumani. Mwongozaji mwenye ujasiri angeupeleka mwisho mbele hatua moja, amfikishe Nyaso jukwaani na kumwachia hotuba ya kufungia, kama vile Albany na Edgar walivyonyang'anyana hotuba ya kufungia katika matini mbili za Lear. Atasema nini mwanamke anayepokea kiti kutoka mikononi mwa waliomwua mwenzake? Je, ni msaliti, ni mateka, au ni mtu anayejaribu kuokoa kilichobaki? Wapinzani wa Isike wa ndani, majirani waliokuwa na visasi naye, na wafanyabiashara waliopima upepo unavuma wapi, wote wangebaki jukwaani wakimsikiliza, na kila mmoja angekuwa na sehemu yake ya kudaiwa. Profesa Ebrahim Hussein alifanya jambo linalokaribiana na hilo katika tamthilia yake ya mwaka 1969 kuhusu Kinjeketile, mganga wa Vita vya Majimaji aliyewapa wapiganaji maji ya kuwakinga na risasi: mtu wa historia alinyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905, lakini tamthilia inamalizia gerezani, Kinjeketile akikataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuwa anajua watoto wa kesho wataambiwa nini kwa kutumia tamko lake.

Linabaki suala la ruhusa, ambalo vikundi vyetu hulisahau mpaka tangazo limeshabandikwa. Shakespeare na Wagiriki hawana hakimiliki tena, lakini tafsiri ina mwenyewe. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye kufundisha hapa katika shule ya St. Mary's, alitafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, na kwa kuwa alifariki mwaka 1999, tafsiri hizo bado zinalindwa na sheria. Anayetaka kukata au kubadili maneno yake ya mwisho anapaswa kuomba idhini, na vivyo hivyo kwa kazi za waandishi wetu kama Hussein. Henrik Ibsen, mtunzi wa tamthilia wa Norway, alijua maumivu ya kukosa ulinzi huo. Mwigizaji mmoja nchini Ujerumani alipokataa kucheza nafasi ya Nora, mama anayewaacha watoto wake, Ibsen, akiwa hana sheria ya kumlinda huko, aliandika mwenyewe mwaka 1880 mwisho ambao Nora anabaki nyumbani, kwa sababu aliona ni afadhali aiharibu kazi yake kwa mkono wake kuliko kuiacha iharibiwe na wengine.

Habari ya Isike haina mwandishi wa kuombwa ruhusa, lakini ukoo wake upo Unyanyembe. Kikundi kitakachoamua ni nani asimame jukwaani baada ya mlipuko kingefanya vema kwenda kuwasikiliza wazee wa ukoo huo kabla ya kuandika hotuba ya Nyaso, si ili wapewe mamlaka ya kuifuta, bali kwa sababu huenda wao wanaikumbuka sehemu ya hesabu hiyo ambayo taarifa za Wajerumani hazikuiandika, na mwisho utakaoandikwa baada ya mazungumzo hayo utakuwa na majina zaidi ya wanaodaiwa.